Msimamizi Asiye wa Mtu

Asubuhi baada ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa, benchi la mbele ya kibanda cha Kinyozi lilijaa mapema, ila watu walikunywa kahawa kimya kama wako msibani. Dada yake Kinyozi alikuwa ameshinda, kamwangusha mwenyekiti ambaye nusu ya mtaa walizaliwa wakamkuta. Kinyozi, aliyekuwa wakala wa dada yake kwenye kituo cha kura pale shuleni, ilikuwa zamu yake kutamba. Badala yake mwili ulikuwa unamsisimka tangu jana, na hakujua kwa nini.

— Yule msimamizi wa Tume ya Uchaguzi wa jana kiboko, alianza Shemeji, dereva wa pikipiki anayemwita kila mtu shemeji. Vijana wa mwenyekiti wanaingia na sanduku lao, limeshiba kura tayari. Jamaa kasema neno moja: “Rudisheni.” Mbio!

— Mmoja wao hajatoka kitandani mpaka sasa, Kinyozi alisema. Mama yake anasema analia tu.

— Yule msimamizi ni usalama wa taifa, shemeji.

Mzee Redio, ambaye redio haimtoki kwapani, akaipunguza sauti.

— Usalama gani hanywi hata maji, na jua lile? Mlimwona akipepesa macho? Mimi nawaambia, Tume wametafuta mtu asiye na ndugu, asiye na chama, asiye na njaa, wakamkosa. Wakaenda kumchukua makaburini. Maiti ndiye hahongeki.

Shemeji alicheka, kisha akaacha ghafla.

— Nilimpa mkono, alisema taratibu. Ulikuwa wa baridi, jamani.

Hapo mwanamke mwenye kizibao cha Tume akavuka barabara, viatu vimejaa tope.

— Samahani, wazee wangu. Mimi ndiye msimamizi niliyepangiwa shule hii. Mto ulifurika kwa mvua za milimani, ukabeba daraja, tukalala ng'ambo na gari. Nasikia mmepiga kura. Nani aliwasimamia?

— Si mwenzako? Kinyozi alijibu.

— Sina mwenzangu huku, kaka. Nilipangiwa peke yangu.

Kinyozi aliweka kikombe chini. Akiukubali ukweli, ushindi wa dada yake umekwenda na maji. Akidanganya, amefanana na wale wa sanduku.

— Alikuja mtu, amevaa kama wewe. Kura zilikwenda kwa haki, naapa. Ila yeye hatumjui.

Mwanamke alishusha pumzi.

— Basi mtarudia uchaguzi. Hata haki, lazima tujue imesimamiwa na nani. Mwambieni aliyeshinda anisamehe.

— Ni dada yangu.

— Pole, kaka. Alikuwa na sura gani, huyo mtu?

Mzee Redio alimtazama Shemeji. Shemeji alimtazama Kinyozi, ambaye hajawahi kusahau kichwa cha mtu. Kinyozi akafumba macho, akaanzia kwenye nywele kama alivyozoea. Hakukuta nywele. Hakukuta upara pia.