Mwalimu Kilele na Mteremko wa Upande wa Pili

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili wa mpishi wa sabuni, katika nyumba iliyopakana na ukuta wa kiwanda. Alikuwa mdadisi tangu utotoni. Siku moja alimbana baba: "Mafuta na magadi si umeshachanganya? Moto wa nini tena?"

"Vinataka kusukumwa, mama," baba akamjibu, "kama wewe asubuhi."

Alisoma shule ya msingi jirani na kiwanda, kisha sekondari ya bweni hadi mwaka 1981. Chuo kikuu alihitimu shahada ya kemia mwaka 1985, na uzamivu mwaka 1993.

Alianza kufundisha chuoni Januari 1994. Maabara yake ilikuwa chumba cha kompyuta, ghorofa ya pili, kisicho na chupa hata moja. Humo alikokotoa, kwa kanuni za kwanta zinazotawala chembe ndogo kabisa, urefu wa kilima cha nishati ambacho molekuli hulazimika kukipanda kabla ya kugeuka kuwa kitu kingine. Ukipata kilele hujamaliza, alisema; shuka pande zote mbili uone unatokea wapi, maana huenda umepanda kilima cha jirani. Wanafunzi wakamwita Mwalimu Kilele, na jina likamganda.

Humo humo alimpata mume, fundi wa viyoyozi.

"Mwalimu, hii mashine inafanya nini mpaka ichemke hivi?"

"Inapanda kilima."

"Basi ipumzike kidogo. Na wewe je, umekula?"

Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1996, wakajaliwa binti na mwana.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Hakulalamika. Alitamani jambo moja tu: amwone mwanafunzi wake wa mwisho akivaa joho. Februari iliyofuata mwanafunzi huyo alimletea kazi yake kando ya kitanda. Urefu wa kilima alioukokotoa ulikaribiana mno na uliopimwa maabara. Ilibaki saini ya mwalimu tu.

"Umeshuka upande wa pili?"

"Upande mmoja tu, Mwalimu. Lakini namba si imekubali?"

"Namba haina macho. Nenda ukashuke."

Alikwenda, akarudi na matokeo. Upande wa pili ulikuwa umeishia kwenye molekuli nyingine kabisa. Kilima kile kilikuwa cha mmenyuko mwingine wa kemikali. Kuanza upya kulimaanisha kukosa mahafali ya Aprili, na daktari hakuwa amemwahidi mwalimu uhai zaidi ya hapo.

Mumewe alijaribu kumshawishi. "Mama watoto, tia saini. Atarekebisha baadaye. Kwani hutaki kumwona?"

"Nataka sana," alisema. "Ndiyo maana nakuomba usiniletee kalamu."

Aprili ilipita. Mwanafunzi alikuja kila Jumamosi na michoro mipya, na mwalimu, sauti ikizidi kufifia, akamwelekeza wapi pa kutafuta. Alifariki hospitalini alfajiri ya tarehe 21 Mei 2024, mumewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, mdogo wake wa kiume, na mwanafunzi mmoja aliyeketi nasi hapa, ambaye bado hajavaa joho.

Mola amjalie pumziko lenye utulivu.