Randa Afariki kwa Saa Moja

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, lakini asubuhi hiyo ungepita hapo ungedhani watu wamefungua duka la samani. Breki, dereva mstaafu, alikuwa amejimwaga kwenye kiti chenye mito ya maua. Wakili, ambaye sheria hajaisomea hata siku moja ila aliwahi kuitwa shahidi kwenye kesi ya mpaka wa kiwanja na tangu hapo haambiliki, alikuwa amekalia kabati la vyombo. Shemeji, muuza kahawa aliyeoa mtaa huu na kwa hiyo ni shemeji wa kila mtu, alikuwa amepanga birika na vikombe vyake juu ya meza nzuri ya watu, anamimina kama yuko hotelini. Vitu vyote hivyo ni vya Randa, fundi seremala, na Randa mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ubao, roho mkononi.

Bintiye alikuwa amefaulu, amefaulu kweli, si kufaulu kwa kubahatisha. Chuo kimempokea akasomee uhandisi wa maji. Ada ndiyo iliyokuwa haisogeleki, hata Randa angeuza randa, msumeno na nyumba yenyewe. Sasa ukajitokeza mfuko mmoja wa hisani, unaolipia watoto wa familia zisizojiweza, hasa zile ambazo hakuna mtu aliyewahi kukanyaga chuo. Binti akaomba, akaitikiwa, na leo mama mmoja kutoka kwenye mfuko huo alikuwa anakuja kuiona nyumba kwa macho yake.

Kijiwe kikalichukua jambo hilo mikononi, maana kijiwe hakikubali fundi wake aaibike. Breki ndiye aliyeanza. Alisema amewaendesha wafadhili miaka na miaka, anawajua nje ndani, na kitu cha kwanza wanachotazama ni redio. Redio ikatolewa. Wakili akasema redio ni kitu kidogo, kinachoua kesi ni viti, kwa sababu mtu mwenye viti ni mtu anayepokea wageni, na mtu anayepokea wageni ana sukari. Viti vikatoka. Shemeji akaona naye asipitwe, akauliza mtoto wa maskini anapata wapi meza ya kusomea. Hapo Randa alisita. Meza ile aliichonga mwenyewe, kwa vipande vya mbao ngumu vilivyobaki kwenye kazi za watu, akivificha kimoja kimoja mpaka vikatosha. Lakini wenzake watatu walikuwa na uhakika, yeye hakuwa nao, na mtu asiye na uhakika kijiweni hana kura. Meza ikatoka.

Mkewe aliwatazama wakipita na vitu mlangoni, akasema neno moja tu, kwamba wanaume wazima wanamtia aibu, akarudi jikoni.

— Bado, alisema Wakili, sasa wakiwa wamekaa. Nyumba imekaa vizuri, lakini ushahidi hautoshi.

— Unataka nini tena? aliuliza Randa. Nyumba imebaki kuta.

— Kuna wewe.

— Mimi nimefanya nini?

— Upo. Hilo ndilo tatizo. Baba mzima, mwenye mikono miwili na ufundi, anaombaje ufadhili? Mfuko una macho. Mtoto asiye na baba anapita mbele ya wote.

Breki alitikisa kichwa kwa kukubali, akasema jambo hilo hata yeye amelishuhudia, wenye baba wanarudishwa nyuma kama gari lisilo na kibali.

— Kwa hiyo nife, alisema Randa.

— Saa moja tu. Mgeni akiondoka, unafufuka, tunakunywa kahawa.

Shemeji alicheka mpaka akamwaga kikombe. Randa hakucheka, ila hakukataa pia, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Alikuwa anamfikiria binti yake akirudishiwa barua ya kusikitika, akiikunja na kusema haina neno, baba, kwa sauti ile anayoitumia anapotaka asionekane ameumia. Ili asiisikie sauti hiyo, Randa alikuwa tayari kwa mengi. Wakamsogeza mwisho wa ubao, wakampa gazeti la zamani alifunue mbele ya uso, awe mpita njia tu.

Mgeni alifika kwa miguu. Alikuwa mama wa makamo, viatu vya kutembelea, mkoba begani, hana gari wala msafara, jambo lililomvunja moyo Breki. Aliingia ndani, akakaa huko muda ambao kwa Randa ulikuwa mrefu kupita kiasi. Kisha akatoka, akavuka njia, akaja moja kwa moja kijiweni. Mke wa Randa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Binti alikuwa nyuma yake.

— Hamjambo jamani, alisema mgeni. Nimemuuliza mama mwenye nyumba swali dogo, akaniambia niwaulize wanaume wa kijiweni, wao ndio wenye majibu.

— Hujakosea dada, alisema Wakili, akijipanga vizuri juu ya kabati. Uliza tu.

— Pale chini ya dirisha, sakafuni, kuna alama nne za miguu ya meza. Meza iko wapi?

Vikombe vyao vyote vilikuwa juu yake. Shemeji alijaribu kusimama mbele ya meza, lakini Shemeji ni mwembamba na meza ni pana. Breki aligundua kwamba birika linahitaji kutazamwa. Kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, swali liliulizwa na kila mtu akamwachia mwenzake.

— Ilikuwepo, alisema Wakili mwishowe. Ilikuwa ya marehemu.

— Marehemu yupi?

— Baba wa binti. Fundi hodari sana. Mungu amweke pema.

Randa alilisikia hilo nyuma ya gazeti lake. Alikuwa ameshakubali kufa, lakini hakuwa amefikiria kwamba atazikwa mbele ya mwanawe. Binti alikuwa amesogea mpaka katikati ya njia, na maneno yamemfikia. Alitazama lile gazeti. Randa aliona aibu ambayo hajawahi kuiona, si ya umaskini, umaskini amekaa nao akauzoea, bali ya kumfanya mtoto asimame pale ajifanye hana baba ili alipiwe ada. Akalikunja gazeti.

— Baba yake ni mimi, alisema. Meza ni hiyo, hapo penye vikombe. Tumeitoa asubuhi.

— Kwa nini mkaitoa?

— Tuliogopa utatuona tunajiweza.

Mgeni alimtazama Wakili, Wakili akatazama viatu vyake. Kisha mama yule akasogeza vikombe kando, akapitisha kiganja juu ya ubao wa meza. Ulikuwa na madoa ya wino, na upande mmoja ulikuwa umelika kidogo, pale mtoto anapoegemeza kiwiko.

— Nani aliyeitengeneza?

— Mimi. Alipofika kidato cha pili niliirefusha miguu, maana alikuwa amerefuka.

Breki baadaye aliapa kwamba hapo ndipo alipoona ufadhili unaondoka na miguu yake miwili, na Randa naye aliona hivyo hivyo. Lakini ajabu ni kwamba alijisikia mwepesi. Kama ni kukosa, watakosa akiwa hai.

— Baba, alisema mgeni, mimi nimeingia nyumba nyingi. Umaskini hauhitaji kupangwa, mtu anauona kabla hajavua viatu. Na wako niliuona. Unajua tunapoteza watoto wapi? Tunalipa ada yote, tunanunua vitabu, na muhula wa pili mtoto karudi nyumbani, kwa sababu hakuna mtu nyumbani anayeona kusoma kwake kuna maana. Nilipoikuta ile nyumba tupu, ya fundi seremala, haina hata kigoda, nilishaanza kuandika kwamba hapa hakuna anayemjali huyu mtoto.

— Umeshaandika?

— Nimeanza. Sijamaliza.

Wakili akafungua mdomo, pengine kuomba rufaa. Randa alimnyooshea kiganja, na Wakili, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaufunga. Mgeni akamgeukia Randa.

— Niambie basi wewe mwenyewe. Ada yetu ikichelewa, kwa mfano, atafanyaje huko chuoni?

Jana Randa angemtazama Wakili amjibie. Sasa hakumtazama mtu.

— Atakaa chuoni. Nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa chuo, nitengeneze madawati yao yote yaliyovunjika mpaka hela yenu ifike. Chuo hakikosi madawati yaliyovunjika. Lakini mwanangu harudi nyumbani.

Hakusema kwa kupaza sauti, ila kijiwe kizima kilisikia. Akainuka, akampa Shemeji birika lake, akampa Breki vikombe, akaigeuza meza juu chini na kujitwika kichwani. Mgeni akamwomba asubiri, akachukua kile kiti chenye mito, Breki ikabidi asimame. Wakavuka njia hivyo, fundi mbele, mfadhili nyuma na kiti chake, na binti akakimbilia mbele yao kufungua dirisha, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na mgeni alikuwa ameomba kukaa aendelee kuandika.

— Mwanangu, mshikie baba yako mlango, alisema mama mtu.

Na mgeni, alipoketi, akaandika hilo pia.