Maman Sidonie na Nondo ya Shingoni

Tarehe 30 Juni 2025, Maman Sidonie Mwamba anavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya kukarabati sanamu za kale, hapa Bruxelles. Wasifu wa Kifaransa ameuandika mkuu wa karakana. Huu wa Kiswahili, kwa ajili ya ndugu zake wa Likasi, kule Kongo, nimepewa mimi, mwanafunzi ninayekuja Jumatano alasiri. Kuandika naweza, kusema mbele ya watu ndiyo shida.

Maman Sidonie alianza na vigae vilivyovunjika, akaishia kwa Waetruski, walioishi Italia kabla Roma haijapata nguvu. Walipandisha miungu ya udongo wa kuchomwa juu ya mapaa ya mahekalu yao. Anawasifu kama majirani. Sanamu kubwa kama mtu, ndani tupu, yenye matundu ya kutoa mvuke isije ikapasuka motoni: bon, jaribuni ninyi! Kabla ya kazi yoyote hugonga udongo kwa kifundo cha kidole, kama anayenunua mtungi sokoni. Mzima hulia, wenye ufa hukohoa. Ametuambukiza sote. Jérôme, msaidizi wake, hugonga hata vikombe vya kantini.

Mwezi Machi, lakini, hakuna aliyetania. Kichwa cha mungu wa kike kilikuwa kinapasuka. Mafundi waliokikarabati zamani walikitia nondo ya chuma shingoni, nayo ilishika kutu ikavimba. Ikibaki, uso unagawanyika. Ikitolewa vibaya, unagawanyika papo hapo. Na mkono wa Maman Sidonie ulikuwa unatetemeka tangu majira ya baridi. Sote tulijua, tukajifanya hatuoni.

Aliishika nondo. Akaiachia.

"Jérôme, vuta wewe."

"Mimi? Maman, hiki kichwa ni chako."

"Donc nikizeeka, nacho kife? Vuta, mwanangu. Mimi nasikiliza."

Jérôme hakuwa amewahi kuruhusiwa kugusa uso. Alivuta kidogo, Maman akagonga. Akavuta tena, Maman akagonga. Ghafla udongo ukakohoa.

"Simama!"

Nakiri nilifumba macho.

"Izungushe kuelekea sikio. Polepole, hufungui soda!"

Nilipofumbua, nondo ilikuwa mkononi mwa Jérôme, nyekundu kwa kutu, na uso ulikuwa mzima. Maman Sidonie akamulika tochi ndani ya shingo. Alama za vidole vya mfinyanzi zilikuwa bado zimo, za mshazari, zimebonyezwa kwa pupa.

"Tazameni. Huyu naye alikuwa na njaa, alitaka amalize akale."

Tulicheka mpaka Jérôme akatafuta kiti.

Tangu siku ile Maman hakushika tena zana. Alikaa pembeni, akasikiliza.

Asante, Maman Sidonie. Kesho Jérôme anaanza kichwa kingine, na hutakuwepo. Anaogopa, nasi tunaogopa naye, lakini ataanza. Nenda nyumbani kwako Berchem, hapa hapa mjini, ule kwa raha. Siku zako ziwe nyingi na zenye afya.