Gia ya Mama Precious

Kijiwe chetu cha Buswelu kiko chini ya jiwe kubwa, jirani na gereji ya pikipiki, na mpika kahawa ni Kokugonza, mama Precious, mtoto mgongoni. Wiki hii mashine yake ya mkono ya kusagia kahawa ilivunjika gia, gia yenyewe madukani haipo tena, akabaki kutwanga kwa kinu. Florian, anayejifunza kuchora vipuri kwenye kompyuta nyumbani kwake, aliahidi kumtengenezea nyingine kwa printa inayomwaga plastiki ya moto, tabaka juu ya tabaka. Ya kwanza ilitoka kubwa. Ya pili tundu likakataa kuingia kwenye mhimili wa mashine. Kokugonza alikuwa na hofu, maana ng'ambo ya barabara kuna kahawa laini kama unga, na wateja wana miguu. Ila vikombe vilirudi vitupu kila siku, akajipa moyo. Yeye mwenyewe hanywi, ananyonyesha.

— Dada Koku, hii hapa! Florian alifika mbio, gia ya njano kiganjani.

— Plastiki ndiyo isage kahawa? aliguna Nkwabi wa bodaboda, waliyemwita Breki. Itabaki kibogoyo.

— Nimeijaza ndani, kaka. Ikanyage uone.

— Basi niprintie na gia ya pikipiki.

— Akili zako zinaishia kwenye pikipiki! alisema Masalu, yaani Profesa. Mimi naona daraja. Tunaprinti vipande, tunaunga, watu wanatembea kwa miguu mpaka kisiwani Ukerewe.

— Jua likiliyeyusha?

— Mnavuka asubuhi.

— Mimi naprinti sato, alisema Breki. Hana mifupa.

— Sato gani hana mifupa?

— Si nimemchora mimi?

— Subirini printa iprinti mwenzake, alisema Profesa, amesimama sasa. Wazaane! Buswelu nzima tutalala nje, vyumba wamepanga wao!

Kokugonza alicheka mpaka Precious akaamka.

— Maneno mengi, alisema Breki. Kitu kinapimwa.

Akaitumbukiza gia kwenye kikombe chake cha kahawa ya moto.

— Breki, usi...!

Ilitoka imelegea kama chapati, meno yote yamelala upande mmoja. Kijiwe kililipuka. Florian mwenyewe alicheka akakaa chini. Kokugonza alicheka nao, ila jicho lake lilikwenda ng'ambo ya barabara.

Hapo mama mmoja muuza dagaa, mgeni kabisa, akashusha kikombe alichokuwa amepewa.

— Samahanini, jamani. Mbona kahawa ina chenga hivi? Nyie mnaimezaje?

Profesa alilitazama jiwe kana kwamba limeletwa leo. Florian alijifuta mdomo polepole. Kokugonza akawatazama mmoja mmoja. Wiki nzima wamemeza chenga! Na hakuna hata mmoja aliyevuka barabara.

— Naenda kuprinti nyingine, alisema Florian, ameshasimama.

— Printi mbili, alisema Breki.

Akamalizia kikombe chake, chenga na yote, akakinyoosha.

— Niongezee, mama Precious.