Herufi za Shangazi Zilivyokua

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wetu, wakuu wa idara mliofuatana naye, wafanyakazi wenzetu:

KARIBU

Sisi wafanyakazi wa Kitengo cha Takwimu cha Benki ya Damu tunakukaribisha katika chumba hiki, ambacho ni ofisi, ni stoo ya majokofu mabovu, na leo ni ukumbi. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba. Tumechoka, kwa hiyo hatutazunguka sana.

TULIKOTOKA

Kitengo kilianza na meza moja na Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote hapa. Ni jina tulilompa akalizoea. Ndiye aliyetuletea R, lugha ya kompyuta ya kupigia hesabu na kuchora grafu. R hupatikana bure, na kwa kitengo kisicho na bajeti hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa R hiyo Shangazi hukadiria wiki ijayo kila wodi itahitaji chupa ngapi za damu ya kila kundi, na grafu hubandikwa mlangoni pa stoo.

Alitufundisha kwa mambo ya nyumbani. "Ukianza na damu za watu utaogopa kukosea," alisema. "Anza na kitu unachokipenda." Basi dereva wetu akaanza na mabao ya timu yake, mpaka grafu ikamwonyesha kwamba timu hiyo hufungwa zaidi mwishoni mwa mchezo, akanuna wiki nzima. Mhasibu, tunayemwita Mama Kuku, akaingiza mayai ya banda lake. Shangazi mwenyewe hufuma masweta. Huiambia R imchoree miraba ya rangi, kila mraba kitanzi kimoja cha uzi, kisha anafuma akifuata mchoro. Nusu yetu hapa tumevaa kazi ya mikono yake.

TULICHOFANIKIWA

Mwaka jana, Mgeni rasmi, uliinua grafu yetu mkutanoni ukasema ndiyo pekee inayosomeka hata kutoka kiti cha nyuma. Ukaagiza vitengo vingine vituige. Leo umetuletea cheti. Tunashukuru, lakini hapa ndipo ulimi unapokuwa mzito.

KINACHOTUELEMEA

Umeme unakatika na feni haizunguki. Hayo tulikueleza mwaka jana, tusikuchoshe.

Herufi kubwa za grafu ile hazikukua kwa ustadi. Ndani ya programu yake kuna mstari unaotaja ukubwa wa herufi, na kila baada ya muda Shangazi aliongeza namba yake kidogo. Kisha vidoti vikanona, mistari ikanenepa. Tulidhani ni mtindo. Sisi ambao kazi yetu ni kuona kitu kinachopanda, hatukuona.

Tuliamka siku dereva alipoletewa sweta lake: mkono mmoja kijani, mwingine bluu. "Ndo fasheni hii," dereva akasema, akalivaa. Shangazi akaushika mkono wa sweta, akausogeza karibu na uso. "Mwanangu," akauliza, "si rangi moja hizi?"

Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari anasema akipasuliwa ataona tena, ila asichelewe. Ameomba likizo mara mbili bila kutaja macho, na mara zote jibu limekuwa lilelile: hakuna wa kushika kazi yake. Amebaki, pua karibu iguse kioo cha kompyuta.

Alituomba tusiseme. "Msinitangaze, wanangu. Wakijua sioni, badala ya likizo wataniletea barua ya kuniaga." Mama Kuku akamjibu, "Sasa Shangazi, tukinyamaza ndo utaona?" Tumemvunjia heshima kwa kusema haya mbele yake. Lakini tumechoka kumtazama akipapasa meza kutafuta kikombe chake.

MAOMBI

Tunakuomba umsainie likizo ya matibabu, na akirudi aikute meza yake. Feni itasubiri.

Kuhusu nani atashika kazi, ripoti iliyo mbele yako ni ya wiki hii. Tumeitengeneza sisi, yeye akiwa kando amefumba macho, anatusahihisha kwa mdomo. Programu ilitugomea mchana kutwa kwa sababu ya mabano ambayo hatukuyafunga. Hata hivyo hesabu ilitoka, na wodi zilipata damu. Kama herufi za safari hii zinakusumbua, tuwie radhi. Ni ndogo kwa sababu zimeandikwa na sisi.

Cheti ni chake. Yuko mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Tafadhali usimwite aje. Mfuate pale alipo, umsomee kilichoandikwa. Na ukiwa na karatasi ya pili yenye sahihi yako, msomee na hiyo, polepole.

Mungu akufikishe salama uendako, akupe afya, na akutunzie macho yako.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Kitengo cha Takwimu, Benki ya Damu.

Imesomwa kwa niaba yao na dereva wa kitengo, mwenye sweta la rangi mbili.