Kifaa cha Njano Kilichobaki kwenye Kiti cha Gari: Maisha ya Mervyn Trevaskis, 1951–2019

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Kalgoorlie, na nyinyi mliosafiri kutoka Leonora, Menzies na Perth, familia ya Trevaskis imempa mdogo wa marehemu, Lindsay, kazi ya kusoma maisha haya, na mjane, shemeji yetu Noelene, ameomba kisirukwe kitu, kwa sababu tangu mwili ulipopatikana kuna swali linalotembea mjini kutoka baa hadi kwa kinyozi, kwamba mtu aliyewakatalia wengine kwenda porini bila kifaa cha kuita waokoaji, iweje cha kwake kikutwe kwenye kiti cha gari, na wapo wanaosema, kwa sauti ya chini lakini tumewasikia, kwamba Mervyn alikwenda kufa makusudi. Noelene hapati usingizi kwa neno hilo. Jibu lipo, na litasomwa likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika hospitali ya Leonora, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa marehemu Cyril Trevaskis, mchimbaji wa chini ya ardhi, na marehemu Edna, mpishi katika bweni la wachimbaji, na miaka sita baadaye akafuata Lindsay, ambaye marehemu alimbeba mgongoni, akamfundisha baiskeli, akampigania kwa mawe na ngumi, na mpaka uzeeni hakuacha kumwita "kidomodomo", kwa kuwa mdogo huyu hakujaliwa kunyamaza hata kwa jambo asilolijua.

Alisoma shule ya msingi Leonora kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, kisha sekondari hapa Kalgoorlie hadi mwaka 1966, akaacha akiwa na miaka kumi na mitano, na mwalimu wake wa mwisho aliandika kwenye ripoti kwamba kijana huyu ana mikono mizuri na maswali mengi mno, jambo ambalo baba yao alilichukua kama matusi na mama yao akalikata na kulitia kwenye fremu.

Mwezi Februari 1967 aliajiriwa kujifunza ufundi mitambo mgodini, akafanya kazi hiyo chini ya ardhi kwa miaka ishirini na mitatu, akiziweka sawa mashine za kutoboa mwamba, ambazo nazo zilimlipa kwa kumnyang'anya sikio la kushoto lote na nusu ya la kulia, na tarehe 7 Mei 1990, siku ya Jumatatu, akafungua duka lake la zana za watafuta dhahabu, ambalo wengi mliokaa hapa mmeingia, na wengi mmetoka mmekasirika. Kwani Mervyn hakuuza, Mervyn alisaili. Mtu alikuja kutoka Melbourne anataka detekta ya bei ya gari, ile mashine ya kusikiliza dhahabu ardhini, na marehemu hakumwonyesha detekta, alitandika turubai sakafuni akapanga madumu ya maji, tairi la akiba, pampu, dira, redio kolu, sururu, viatu visivyo na chuma cha vidoleni ili mashine isije ikalia kwa sababu ya miguu ya mwenyewe, mkanda wenye kifungo cha plastiki kwa sababu hiyohiyo, na kile kifaa cha njano kinachotosha kwenye kiganja, ambacho ukikivuta waya kinaita waokoaji kwa satelaiti, kisha akamtwika mteja mzigo wote unaobebeka, akamwambia auzunguke uwanja wa nyuma mara tatu saa saba mchana. "Ukirudi, niambie unataka kutupa nini," alikuwa akisema, "nami nitakuambia utakufa kwa nini."

Walikuwepo waliotaka kutupa maji, akawauzia kofia akawarudisha kwao, na alikuwepo bwana mmoja wa benki aliyetaka kuacha kifaa cha njano kwa sababu eti kinamchoma kiuno, marehemu akamrudishia pesa zake zote na kumfungulia mlango mwenyewe, na bwana yule alipofoka kwamba hili ni duka gani lisilotaka wateja, akajibiwa, "Wateja nawataka, bwana, wajane siwataki." Katika miaka ishirini na tisa hakuna aliyevishwa zana na Mervyn akaenda asirudi. Hilo tulilijua, yeye alilijua, na lilikuwa fahari yake kuliko dhahabu yoyote aliyowahi kuokota.

Alifunga ndoa na Noelene Hocking tarehe 18 Septemba 1976, katika kanisa la Methodisti la Boulder, baada ya kukutana naye posta ya Menzies alikokuwa karani, ambako kijana huyu asiye na wa kumwandikia alikuja mara tatu katika wiki moja kutuma bahasha, mpaka Noelene akaipima ya tatu kwenye mizani na kumwambia mbele ya foleni, "Wewe kaka, hii haina kitu ndani, sasa nikuandikie mimi, au utasema mwenyewe?" Akasema, na watu wa foleni wakapiga makofi, na wameishi pamoja miaka arobaini na mitatu.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Kerryn, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1978, ambaye ni fundi umeme na yuko hapa na wanawe wawili, na Brett, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1981 akaishi siku kumi na moja, na ni kando ya Brett tunakomlaza baba yake leo.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuwa na moyo mbovu wala sukari, ugonjwa wake ulikuwa sikio, ambalo kuanzia mwaka 2017 lilizidi kufifia, daktari akamweleza wazi kwamba lililopotea halitarudi na lililobaki litaendelea kwenda, na kwa sababu hiyo, wala si kwa nyingine, aliuza duka tarehe 30 Agosti mwaka huu, maana alikuwa hasikii tena wateja wanataka nini. Mliomwona amenyamaza baa mkadhani ana huzuni, jamani, mtu asiyesikia hunyamaza, asije akajibu lisiloulizwa. Kilichombakia ni kwenda porini peke yake na hedifoni zake, kusikiliza ardhi kwa ile nusu ya sikio, na kwa wiki tatu za mwisho hata hicho kilimtoka, kwa kuwa detekta yake ilianza kulia ovyo na yeye hakuweza tena kupambanua kelele na dhahabu.

Jumapili tarehe 13 Oktoba familia ilikula nyama ya kondoo ya kuchoma nyumbani kwa Lindsay pamoja na wageni, marehemu akalalamikia mashine yake, na mdogo wake, ambaye maishani hajawahi kufungua detekta hata skrubu moja, akasema, "Ni hilo dude la njano kiunoni, kaka, mambo ya satelaiti hayo, yanagombana na mashine, livue." Marehemu akamjibu, "Halijawashwa, halitoi hata pumzi, usinifundishe kazi, kidomodomo we." Lindsay akacheka mbele ya wageni akasema, "Haya, endelea kusikiliza kelele, mzee kiziwi." Wageni nao wakacheka. Marehemu akaendelea kukata nyama.

Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa kumi na moja alfajiri, aliondoka nyumbani kwenda kaskazini mwa Menzies, akiwa ameahidi kurudi saa kumi na moja jioni, na saa kumi na mbili kamili Noelene alipiga simu polisi, kama walivyokubaliana miaka yote. Joto lilikuwa nyuzi arobaini na moja. Gari lilionekana Jumatano adhuhuri, lakini ardhi ile ni mawe matupu yasiyoshika nyayo, na vichaka vyake vinaficha mtu hata kwa helikopta, hivyo mwili ulipatikana Alhamisi tarehe 17, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kilomita mbili na nusu kutoka garini, kando ya handaki la wachimbaji wa zamani alimokuwa ametumbukia na kuvunjika nyonga, akajitoa kwa mikono, akajiburuta mita thelathini kuelekea gari lilipo, na daktari alituambia kwamba alikuwa hai mpaka Jumatano jioni. Kifaa cha njano kilikuwa kwenye kiti, kimefungwa vizuri katika taulo.

Aliyeitwa kuutambua mwili alikuwa mdogo wake, na polisi walimkabidhi vitu vya garini, pamoja na daftari ambalo marehemu aliandika kila safari alichobeba, na ukurasa wa mwisho unasema hivi: "Jumanne 15. Maji lita 20 garini, lita 3 mgongoni. Dira ninayo. Kifaa cha njano nakiacha kwenye kiti, kwa saa mbili tu, kulijaribu neno la Lindsay. Kelele zikibaki, Jumapili ataniomba radhi mbele ya watu."

Mdogo huyo alilisoma daftari akalificha chini ya godoro siku tisa, akawaacha watu waseme waliyosema, akamwacha shemeji yake alie usiku na mchana akijiuliza amemkosea nini mumewe, na mdogo huyo ni mimi. Shemeji, daftari hili hapa mkononi, na unasikia leo kama wanavyosikia wengine, kwa sababu nilikuwa mwoga. Na Kerryn, bila kujua lililoandikwa, Jumatatu aliiwasha mashine ya baba yake nyuma ya nyumba, ikalia vilevile, akaifungua, akakuta waya wa ile sahani yake inayopitishwa juu ya ardhi umekatika ndani. Kifaa hakikuhusika. Sikuwa najua nilichokuwa nasema, nilitaka tu wageni wacheke.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, polisi wa Menzies, rubani na watu sitini waliotembea juani siku mbili bila kulipwa, majirani walioleta mabakuli ya mchuzi wa kondoo mpaka friji likakataa kufunga, na wafanyakazi wenzake wa zamani wa mgodini waliochimba kaburi hili kwa mikono kwa kuwa walikataa katakata lichimbwe na mashine.

Noelene, shemeji yangu, hakukukimbia, alikuwa anarudi nyumbani ale chakula chako na Jumapili aje anicheke. Kaka Merv, kelele zilibaki. Nakuomba radhi mbele ya watu. Pumzika.