Mikono Miwili ya Kushoto

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja fundi cherehani alikunjua mapajani mikono miwili ya gauni jeupe, yote ya kushoto. "Nilimkatia hivi bibi harusi, dada. Alilia, nami nikalia naye. Leo nafungua duka langu, na hii ndiyo nitakayoitundika kwanza ukutani."

"Utundike aibu yako?" jirani yake alishangaa. "Mimi ningeichoma."

"Ningeichoma, ningeirudia."

"Wateja watakukimbia!"

"Atakayebaki atajua kosa hili silirudii."

Mimi nilijifanya nasoma gazeti, ukurasa uleule.

Basi likasimama, fundi akashuka kichwa juu. Jirani akachungulia dirishani, bado kanuna. "Shauri yako! Kwani duka lenyewe liko mtaa gani?"